Ruqya Imepandishwa Jukwaani

 

Ndugu Waislamu, visomo vya ruqya vimeenea katika kanda yetu hii ya kati, mijini na vijijini. Hilo lenyewe ni la kushukuriwa. Zama za wazee wetu, Muislamu akipatwa na maradhi yasiyoeleweka alikuwa akikimbilia kwa mganga, akavishwa hirizi, akachinjishwa kuku mweusi na kuambiwa mambo ambayo ulimi wa muumini unaona haya kuyataja. Leo wengi wanakimbilia Kitabu cha Allah. Lakini pamoja na neema hiyo limeingia jambo ambalo hatuna budi kulisema waziwazi kabla halijaichafua sunna nzima: ruqya imepandishwa jukwaani. Hufungwa vipaza sauti, wagonjwa hupangwa kwa mistari, msomaji husoma kwa sauti ya kupasua masikio, na mgonjwa akianza kutetemeka na kupiga mayowe, kipaza sauti husogezwa mdomoni mwake ili umati usikie jini anasema nini. Makala haya yanaandikwa kuitetea ruqya dhidi ya mambo hayo.

Allah (s.w.) ametueleza katika Suratul Israa, aya ya 82, kwamba ndani ya Qur'ani mna tiba na rehema kwa wenye kuamini, na katika Suratur Ra'd, aya ya 28, kwamba nyoyo hupata utulivu kwa kumkumbuka Yeye. Hapana muumini anayelitilia shaka hilo. Swali letu ni dogo zaidi, na pengine ndiyo maana limepuuzwa. Tiba hiyo humfikia mgonjwa kwa sauti ya nani, kwa kiasi gani, na katika hali gani?

Tuanze na Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Mama wa Waumini, Aisha (r.a.), anasimulia katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume alipokuwa akiugua alijisomea sura za kinga na kujipulizia, na maradhi yalipomzidi, Aisha ndiye aliyemsomea, akawa anampangusa kwa mkono wake Mtume mwenyewe, akitaraji baraka ya mkono ule. Tuitazame picha hiyo kwa makini. Ni chumba kidogo, mke na mumewe, kisomo kinachosikika na aliyelala tu. Kadhalika Uthman bin Abil-As (r.a.) alipolalamika maumivu ya mwili, Mtume (s.a.w.) hakumwita kuja kusomewa mbele ya watu. Kama alivyopokea Muslim, alimfundisha aweke mkono wake mwenyewe pale panapouma, ataje jina la Allah mara tatu, kisha aombe hifadhi mara saba. Hapo sauti ya tiba ni ya mgonjwa mwenyewe.

Iko hadithi nyingine ambayo ningependa kila anayejiita msomaji wa ruqya aiweke mbele ya macho yake. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Kharija bin as-Salt, naye kutoka kwa ami yake. Sahaba huyo alipokuwa akirejea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) alipita kwa watu waliokuwa na mwendawazimu amefungwa kwa chuma. Wakamwomba dawa. Akamsomea Suratul Fatiha kwa siku tatu, asubuhi na jioni, na kila alipoimaliza alikusanya mate na kutema kidogo. Yule mtu akapona, nao wakampa kondoo mia moja. Akaenda kumuuliza Mtume (s.a.w.) kama malipo hayo ni halali, naye akamruhusu, akamweleza kuwa wako wanaokula kwa visomo vya batili, ama yeye amekula kwa kisomo cha haki.

Angalieni yaliyomo na yasiyokuwamo. Mgonjwa alikuwa amefungwa, na kama palikuwa na mtu wa kupigwa ili "jini atoke", basi alikuwa huyo. Hakupigwa. Hakuulizwa jina la jini wala nani amemtuma. Msomaji hakusoma sura 20 kwa usiku mmoja. Alisoma sura moja fupi, akaondoka, akarudi jioni, akarudi kesho yake. Siku tatu, mara sita. Huu ndio mwendo wa tiba, nao unafanana na mwendo wa mwuguzi kuliko mwendo wa mpiganaji.

Sasa tulinganishe na kitu ambacho wazee wa pwani wanakikumbuka vizuri, nacho ni ngoma ya kupunga pepo. Kila pepo alikuwa na ngoma yake, na fundi alizijaribu moja baada ya nyingine mpaka mgonjwa apandishe. Akishapandisha, pepo huulizwa jina lake, anatoka wapi, ametumwa na nani na anataka nini; naye hudai pete, nguo nyekundu, ubani au damu ya mbuzi. Mengi ya mambo hayo yalisafiri kuja bara kwa njia ile ile ya misafara iliyokatiza Ugogo kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, njia ambayo, alhamdulillahi, ilileta pia Uislamu. Ndugu msomaji, ukikaa na kulitazama jukwaa la ruqya ya kipaza sauti utaona nini? Zinasomwa aya mahali pa ngoma, ni kweli. Kisha jini anapandishwa, anaulizwa jina, anaulizwa ametumwa na nani, anabishana, anaomba muda, na umati unashangilia. Tumebadilisha mavazi na maneno ya mwanzo. Mengine ni yale yale tuliyoyaita shirki kwa miaka yote hii.

Sisi wa nyanda hizi hatuhitaji kufundishwa kwamba sauti ina nguvu juu ya nafsi. Ugogo ni nchi ya waimbaji. Hayati Hukwe Zawose, mzaliwa wa hapa hapa aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia kwa zeze, ilimba na koo lake. (Hukumu ya ala inajulikana na si mada yetu leo.) Waislamu waliotangulia nao walilijua. Hospitali aliyoijenga Sultan Bayezid wa Pili huko Edirne, katika Dola ya Uthmaniya, ilikamilika mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi, aliyeishi karne ya 17, ameandika kwamba palikuwapo watu walioajiriwa kuwapigia muziki wagonjwa, wakiwamo wenye maradhi ya akili. Wao walichagua ala; sisi hatuifuati njia hiyo. Lakini waliona jambo moja ambalo vipaza sauti vyetu vimelisahau, kwamba nafsi iliyovurugika hutulizwa kwa upole.

Na Mtume (s.a.w.) alilijua hilo kabla ya wote. Alimsifu Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwa sauti yake, akaifananisha na uzuri waliopewa watu wa Daud. Alimtaka Ibn Mas'ud (r.a.) amsomee, na Ibn Mas'ud alipostaajabu vipi amsomee yeye aliyeteremshiwa, akamjibu kuwa anapenda kuisikia kutoka kwa mwingine. Ibn Mas'ud akasoma Suratun Nisaa mpaka aya ya 41, akaambiwa inatosha. Alipotazama, macho ya Mtume yalikuwa yakitiririka machozi. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim. Naye aliposikia watu msikitini wanapandishiana sauti katika kisomo, alifungua pazia akiwa katika itikafu, akawakataza wasiudhiane, kwa kuwa kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake. Hiyo ameipokea Abu Daud.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya mwili, maana Allah ndiye aliyeuumba. Anayesoma kwa tajwidi huvuta pumzi kwa muda mfupi na kuitoa kwa muda mrefu, akivuta madda na kusimama penye kituo. Kutoa pumzi taratibu namna hiyo hupunguza kasi ya moyo. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake. Waliwapima watu 23 wenye afya wakisoma sala ya rozari kwa Kilatini, kisha maneno yanayosomwa na watu wa yoga, wakakuta kuwa visomo vyote viwili vilishusha pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika, na moyo na mishipa ya damu vikafanya kazi kwa mpangilio bora. Baadhi ya wahubiri wetu hupenda kusema sayansi imethibitisha ruqya. Ndugu zangu, tuwe waangalifu. Utafiti huu ulikuwa juu ya visomo vya Wakatoliki na vya watu wa yoga! Utulivu wa pumzi ni mwenendo ambao Allah ameuweka katika miili ya wanadamu wote, kama alivyowapa wote usingizi. Hauwi hoja ya usahihi wa itikadi. Shifaa tunayoitaraji katika Qur'ani iko juu ya hapo, nayo ni kwa idhini yake. Lakini msomaji anayepaza sauti mpaka akatweta, mishipa ya shingo imemsimama, amempotezea mgonjwa hata kile kidogo ambacho mwili wake ungekipata.

Tuje sasa kwenye madhara, kwa sababu kama ingekuwa ni suala la adabu ya kisomo tu tusingelitumia kurasa hizi.

Lililo kubwa kuliko yote ni mgonjwa kuachishwa dawa. Yako maradhi ambayo dalili yake ni mtu kusikia sauti zisizokuwapo, zikimtukana, zikimwamrisha. Madaktari huyaita skizofrenia, na yana dawa. Mtu wa namna hiyo ukimzungushia wanaume sita wanaompigia kelele masikioni, kisha ukamthibitishia kuwa sauti anazozisikia ni za jini kweli, na ukamwambia vidonge vinamlisha huyo jini, umemwongezea adui wa pili. Kifafa nacho kina dawa, na si ghali. Anayeiacha ghafla huweza kushikwa na degedege lisilokatika hadi akafa. Na kuhusu kifafa tunayo hadithi ya Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka na kufunukwa nguo. Mtume (s.a.w.) alimpa hiari, asubiri na apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, akaomba tu asifunukwe. Heshima yake ililindwa kwa dua. Wanawake wangapi leo wanaangushwa, wanafunuka na kupigwa picha za simu katika majukwaa yetu, kisha picha zinarushwa mitandaoni kama ushahidi wa karama za sheikh?

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, akatueleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, na ambaye wasomaji wa ruqya wanapenda kumtaja, ameeleza jinsi alivyougua akiwa Makka, akakosa tabibu na dawa, akawa anachukua maji ya Zamzam, anayasomea Fatiha na kuyanywa, akapona. Wanaomnukuu huruka maneno ya mwanzo: alikosa tabibu na dawa. Kitabu chake Zaadul Ma'aad kina milango mizima ya dawa za mimea, asali, hijama na vyakula. Mtu huyu hakuwahi kufikiri kuwa kuna vita baina ya Fatiha na tabibu.

Dhara la pili ni tuhuma. Jini wa jukwaani huulizwa nani amemroga mgonjwa, naye hutaja: mama mkwe, shangazi, mke mwenza, jirani. Umati umesikia, kwa kipaza sauti, na jioni mtaa mzima unajua. Mikoa ya Tabora na Shinyanga imetajwa kwa miaka mingi kwa mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Ni nani atakayebeba damu ya bibi kizee aliyetajwa na "jini" msikitini? Shetani aliyemjia Abu Huraira (r.a.) akiwa mlinzi wa zaka ya Ramadhani alimfundisha jambo sahihi kuhusu Ayatul Kursiyyu, na pamoja na hayo Mtume (s.a.w.) akasema kuwa kwa hilo amesema kweli ilhali ni mwongo mkubwa. Bukhari ameipokea. Ikiwa ushahidi wa Muislamu fasiki haukubaliwi bila kuhakikishwa, kwa mujibu wa Suratul Hujuraat, aya ya 6, ushahidi wa jini mwongo unakubaliwa kwa kanuni ipi? Na hapo tumejaalia kwamba ni jini kweli anayezungumza, si mgonjwa aliyechoka anayesema kile anachoona kinasubiriwa.

Ama malipo, sitayarefusha. Hadithi ya kondoo inaruhusu, na mwenye kuharamisha kabisa amekosea. Lakini wako wanazuoni waliofafanua kuwa ujira ule ulifungamana na kupona. Kutoza kiingilio, kuuza mafuta na maji yaliyosomewa kwa bei ya kupanda, hayo yanafanana zaidi na kile tulichokiona Loliondo mwaka 2011, pale maelfu, na Waislamu wakiwamo, walipokwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu, na baadhi yao wakaziacha dawa zao nyumbani. Angalau yule mzee alitoza shilingi 500 tu.

Tukumbuke pia hadithi ya watu 70,000 watakaoingia Peponi bila ya hesabu, ambao miongoni mwa sifa zao ni kuwa hawakuwa wakiomba kusomewa na wengine. Ruqya ni halali maadamu haina shirki, kama alivyothibitisha Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Awf bin Malik (r.a.). Ila cheo cha juu ni mtu kujisomea, na baba kumsomea mwanawe, na mke mumewe. Msikiti unaofundisha familia 50 kusoma Fatiha, Ayatul Kursiyyu na sura tatu za mwisho kwa matamshi sahihi umefanya ruqya kubwa kuliko jukwaa lolote. Wengine huuliza kuhusu kuwasha kisomo kwenye simu au redio kando ya mgonjwa, kama tulivyokuwa tukifanya na kaseti. Kusikiliza ni kheri, na Suratul A'raaf, aya ya 204, inataka kisomo kisikilizwe kwa kunyamaza. Lakini chombo hakina nia wala hakioni kama mgonjwa amechoka. Kukiacha kikilia usiku kucha katika chumba ambacho hakuna aliyebaki na mgonjwa ni njia ya kumtoroka.

Na hapa ndipo penye deni letu hasa sisi wa Dodoma. Hospitali ya Mirembe imekuwa katika mji wetu tangu mwaka 1927, na nchi nzima huleta wagonjwa wake wa akili hapa. Sisi tumelifanya jina lake kuwa tusi. Mtu akighadhibika humwambia mwenzake kuwa yeye ni wa Mirembe, na hata juu ya mimbari neno hilo limewahi kusikika. Vyombo vya habari vimeripoti zaidi ya mara moja habari za wagonjwa waliopata nafuu wakakosa pa kurudi, kwa kuwa jamaa zao hawajitokezi kuwachukua au waliacha anwani zisizo za kweli. Miongoni mwao wamo akina Ali na akina Fatuma. Vipaza sauti vyetu vinasikika mitaa mitatu, na hao hatujawahi kuwafikishia hata salamu.

Muslim amepokea hadithi ya Thawban (r.a.) kwamba anayemtembelea mgonjwa huwa katika mavuno ya Pepo mpaka arejee, na hadithi haikumtenga mgonjwa wa akili. Rai yangu ni kuwa kila msikiti wa mjini utoe watu wawili wawili kwa zamu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, waende kwanza kwa uongozi wa hospitali kuuliza utaratibu na saa za kutembelea, na waufuate bila ubishi. Wasiguse masuala ya dawa. Wasimuulize mgonjwa nani amemroga. Wakikuta anayependa kusomewa, wamsomee kwa sauti ya kumfikia yeye tu, aya chache, na warudi wiki inayofuata kama alivyorudi ami yake Kharija. Na wakikuta asiyetaka kusomewa siku hiyo, wakae naye wamsikilize. Wamuulize habari za kwao, Kondoa au Kigoma au Mtwara, na kama mvua zimenyesha.

Wabillahi Tawfiq.